Swali la Chumvi

Mwaka ule nilikuwa nimepunguzwa kazi. Nilikuwa karani wa ghala la mazao Handeni mjini, naandika magunia ya mahindi yanayoingia na yanayotoka, mpaka ruksa ya biashara huria ilipokuja na wanunuzi binafsi wakaanza kufika na malori yao hadi mlangoni kwa mkulima. Ghala letu likabaki na mizani na panya. Barua zilipogawiwa, yangu ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Nilifunga sanduku langu la bati nikarudi Mkumbara kwa mama, nikiwa na miaka ishirini na minne na cheti cha kidato cha nne ambacho sikujua tena nimwonyeshe nani.

Mama alikuwa akiuza nyanya kando ya barabara iendayo Moshi. Basi likisimama, aliinua beseni kichwani na kukimbilia madirisha, na kabla dereva hajatia gia alikuwa ameshauza, ameshachukua hela na ameshamtakia abiria safari njema. Nilimsaidia wiki chache, tena vibaya. Nilikuwa naona haya kukimbia mbele za watu, nikifika dirishani sauti inakwama. Siku moja aliniambia, bila ukali wowote, "Mwanangu, wewe ukiuza nyanya mtu anadhani unaomba msamaha."

Ndipo nilipoliona tangazo kwenye ubao wa ofisi ya wilaya, Korogwe. Lilikuwa karatasi moja iliyopigwa chapa. Chuo kikuu kimoja cha hapa nchini, kwa kushirikiana na chuo kikuu cha kaskazini mwa Ulaya, kilikuwa kinafanya utafiti juu ya biashara ndogondogo na maendeleo ya vijiji vya Handeni na Korogwe. Walihitaji wadodosaji wanne, yaani watu wa kwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali, wanaojua Kizigua au Kishambaa. Mimi nilizijua zote mbili. Marehemu baba alikuwa Mshambaa, mama ni Mzigua, na nyumbani kwetu ugomvi ulianza kwa lugha moja ukaisha kwa nyingine. Nililisoma lile tangazo mara mbili, kisha nikayaandika ya muhimu kwenye kiganja kwa sababu sikuwa na karatasi.

Aliyenisaili alikuwa mhadhiri kutoka Dar es Salaam, mwanamke wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa uzi mweusi shingoni. Hakuomba cheti. Alisema, "Nenda sokoni. Mtafute mtu usiyemjua. Rudi uniambie anauza nini, alianzaje, na kwa nini hajaacha. Nakupa nusu saa."

Nilimkuta mwanamke anayeuza mitumba, nguo zilizokuwa ndiyo kwanza zinaanza kuingia kwa wingi. Aliniambia kwamba mtaji wake wa kwanza ulikuwa koti moja la baridi, koti la nchi ya theluji, ambalo hakuna mtu wa Korogwe aliyelitaka. Alilipandisha Lushoto, huko milimani kwenye baridi, likanunuliwa siku hiyohiyo. Akarudi na akili mpya. Nilimsikiliza mpaka miguu ikafa ganzi. Niliporudi kwa mhadhiri saa mbili zilikuwa zimepita.

"Nilikwambia nusu saa," alisema.

"Samahani, Mwalimu. Alikuwa hajamaliza."

Alinitazama juu ya miwani, akaniuliza lile koti lilikuwa na rangi gani. Nikamwambia, la kijani, limekosa kifungo kimoja. Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Jumatatu tunaanza," akasema.

Mafunzo yalifanyika katika darasa la shule ya msingi wakati wa likizo. Hapo ndipo nilipokutana na profesa wa chuo kile kingine, mzungu mrefu, mwembamba, mvaa sandali. Alisema Kiswahili cha vitabuni, polepole, kila neno akilitua kama anayepanga mayai kwenye trei. Wao wawili, yeye na mhadhiri, walikuwa wameandikiana barua kwa miaka mitatu kabla ya kupata fedha za kazi hii. Walituonyesha dodoso lenyewe, kurasa kumi na nne. Dodoso hilohilo, walisema, lilikuwa linatumika pia katika nchi nyingine ya Afrika, ili vyuo vilinganishe majibu.

Asubuhi ya kwanza mhadhiri aliandika ubaoni neno "mjasiriamali." Siku hizi kila mtu analo mdomoni, lakini wakati ule hakuna mmoja wetu aliyewahi kulisikia. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu mwenye suti ya kaunda, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu mjasiri wa mali, ni mali za nani? Maana kwetu mtu jasiri kwa mali huwa tunamkimbiza usiku."

Darasa lilicheka, na mhadhiri akacheka kuliko wote. Kisha akaeleza. Ni mtu anayeona nafasi pale ambapo wengine hawaioni, akathubutu kutia kidogo alicho nacho, akijua kwamba anaweza kukikosa chote. Nilikaa pale kwenye dawati la watoto, magoti yamenigusa kidevu, nikamwona mama anakimbia na beseni. Nilikuwa nimesoma miaka kumi na moja. Nilifundishwa viwanda vya Uingereza na machimbo ya Ujerumani. Hakuna aliyewahi kunidokezea kwamba mtu mwenye beseni la nyanya anaweza kuwa somo, tena la vyuo vikuu viwili.

Jumamosi nilipanda basi hadi Mkumbara nikamsimulia mama yote kwa pupa. Alikuwa anafuta nyanya vumbi kwa kipande cha kanga.

"Kwa hiyo wanataka kujua tunauzaje?"

"Ndiyo, mama. Wanasoma."

"Wangeninunulia nyanya kwanza, tungeongea vizuri," alisema. Lakini nilimwona amepunguza mwendo wa kufuta, na jioni ile aliwahadithia majirani wawili.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Kang'ata. Tulifika kwa Landrova, nywele zimegeuka nyekundu kwa vumbi, tukapewa vyumba viwili vya walimu. Asubuhi niliamka kabla ya wote. Nilikuwa na madodoso yangu kwenye bahasha ya plastiki na kalamu mbili mpya, na nilitembea kwenye vijia vile vya mashamba ya mahindi kama mtu aliyetumwa na serikali.

Swali la nne lilikuwa hili: Je, una biashara yoyote? Kama jibu ni hapana, dodoso lilituagiza turuke kurasa zote za katikati, twende swali la mwisho, tushukuru, tuage.

Nyumba ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto, mama mwenye nyumba akajibu kwa upole, "Sina biashara, binti." Nyumba ya pili, "Sina." Ya tatu wakanipa kigoda na kikombe cha uji, wakasema hawana. Mpaka jua linasimama utosini nilikuwa nimejaza madodoso sita, na yote sita yalikuwa meupe katikati.

Nyumba ya saba ilikuwa ya mjane wa miaka kama hamsini, mwenye mikono mikubwa na kanga aliyoifunga kiunoni kikazi. Alikuwa amekaa barazani anasuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao baadaye hushonwa kuwa mkeka. Nilimsalimia kwa Kizigua, akafurahi, tukaulizana koo. Nikafika swali la nne.

"Sina biashara," akasema. "Mimi ni mkulima."

Nikaandika hapana. Nikashukuru, nikasimama. Nilipokuwa navaa kandambili akaniita.

"Sasa unaondoka hivihivi? Nunua basi mkeka."

Alifungua mlango wa chumba cha pembeni. Mikeka ilikuwa imeviringishwa, imesimamishwa ukutani mpaka dirishani, ya zambarau, ya kijani, mingine myeupe bila rangi. Nilisimama mlangoni nimeduwaa.

"Mama, si umesema huna biashara?"

"Hii si biashara, mwanangu. Hii ni mikeka." Aliniangalia kama anayemhurumia mtu mwenye homa. "Biashara ni duka. Biashara ni leseni. Unataka nikwambie nina biashara, kesho waje watu wa kodi? Au umesahau walivyokuwa wanasaka walanguzi? Mjomba wangu alificha sabuni kisimani, akajuta."

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa shuleni miaka ile, na nakumbuka watu walivyozika sukari shambani kwa kuogopa upekuzi. Neno lenyewe, biashara, lilikuwa limechafuka, na sisi tulikuwa tunaingia nyumba za watu tukilitanguliza. Nilinunua mkeka mdogo wa kuswalia kwa ajili ya mama, nikauweka begani, nikarudi shuleni nusu nikitembea, nusu nikikimbia.

Wenzangu walikuwa wamerudi vilevile. Mwalimu mstaafu alitupa bahasha yake mezani. "Kwa mujibu wa karatasi hizi," alisema, "Kang'ata nzima inaishi kwa hewa."

Mhadhiri alisoma madodoso moja baada ya jingine na uso ukazidi kukunjamana. Nilisimulia habari ya mikeka. Nilisema kwamba swali ni baya.

"Sisi hatubadilishi swali kwa sababu jibu halitupendezi," mhadhiri alisema.

Sikuwa nimewahi kubishana na mtu wa chuo kikuu. "Mwalimu, jibu lenyewe ni la kweli. Ila wanajibu swali jingine. Sisi tunauliza wanaishije, wao wanasikia tunauliza leseni."

Profesa aliinua kichwa. "Na wewe," alisema kwa Kiswahili chake cha mayai, "ungeuliza nini?"

Ugali ulikuwa umeshaletwa mezani, na maharage. Mpishi wetu, mama mmoja wa palepale, alikuwa ametuomba radhi kwamba maharage hayana chumvi, imemwishia, na mwenye duka amesafiri. Mwalimu mstaafu alikuwa ameonja na kuweka kijiko chini. Nilitazama lile bakuli na maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Ningeuliza chumvi ya nyumba hii inatoka wapi."

Nikaendelea. Mahindi wanalima, maharage wanalima, kuku wanafuga. Chumvi hailimwi. Hata nyumba maskini kabisa inayo, na lazima imenunuliwa. Mtu akisema ameinunua dukani, namuuliza hela ya siku ile aliipataje. Hapo hataniambia biashara. Ataniambia alichofanya.

Profesa alitafsiri polepole, kwa sauti ya chini, katika lugha yake mwenyewe. Nilimwona anatabasamu. Mhadhiri hakutabasamu. Alivua miwani, akaifuta. "Kesho," alisema, "nitakwenda na wewe nyumba ya saba. Nitakaa kimya. Tuone."

Mjane wa mikeka alitukaribisha kama watu aliowategemea. Mhadhiri alikaa kwenye kigoda, daftari mapajani. Niliuliza habari za asubuhi, za mbuzi, za mvua, kisha nikauliza, kwa Kizigua, munyu wa nyumba hii hutoka wapi.

"Chumvi?" Alicheka. "Huyu amekuja kuomba chumvi." Lakini akajibu. Chumvi ya mwezi ule aliinunua Handeni mjini, siku alipopeleka mikeka. Mikeka ilipelekwa na nani? Na lori la mtu wa mahindi, ambaye alikuwa anarudi na nafasi nyuma, akakubaliana naye. Kwa nini Handeni? Handeni ni kwa mikeka ya rangi, maana huko kuna harusi. Ile myeupe inakwenda Mkata, barabara kuu, ambako wasafiri wa Dar hawataki rangi. Alisuka yote peke yake? Akacheka tena. Kulikuwa na wanawake watano. Yeye huwapa ukindu na rangi, wao husuka ukili nyumbani kwao, yeye hushona, kwa sababu mshono wake haufumuki. Mmoja alikuwa mvivu, akamwondoa. Mwingine alikuwa hodari kuliko yeye, akamwongezea.

Kalamu ya mhadhiri ilikuwa haisimami. Mara ikaisha wino, naye akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa yangu. Alikuwa ameahidi kukaa kimya, lakini mwishoni alishindwa.

"Mama, na huu ukindu unautoa wapi?"

"Mtoni. Zamani ilikuwa karibu. Siku hizi wanakata miti ya mkaa, mikindu nayo inakanyagwa, inabidi kutembea." Alisimama. "Njooni."

Alitupeleka nyuma ya nyumba, bondeni kidogo, palipokuwa na kisima chake. Kuzunguka kisima alikuwa amepanda machipukizi ya mikindu, mistari miwili, mingine imenifika kiunoni, mingine ndiyo kwanza inashika. Alikuwa ameyang'oa mtoni kwa jembe na kuyabeba kichwani miaka miwili iliyopita. Majirani walimcheka, alisema, kwa sababu nani anapanda kitu cha porini.

Katika dodoso letu, ukurasa wa kumi na mbili, kulikuwa na sehemu nzima juu ya maendeleo endelevu, yenye maneno ambayo hata mimi nilikuwa nayasoma mara mbili. Mhadhiri alisimama kati ya mikindu ile, viatu vyake vya mjini vimezama matopeni, akafunga daftari.

"Unajua tulichukua miezi mingapi kuandika ukurasa ule?" aliniuliza.

Njiani, nakumbuka, alikuwa anatembea haraka, na mara mbili alicheka peke yake.

Profesa alikwenda Tanga kutuma faksi kwa wenzake wa Ulaya na wa ile nchi nyingine, akieleza kwamba swali la nne halifai na kwa nini. Tulingoja siku nne. Zilikuwa siku ndefu, maana hatukuruhusiwa kuhoji mtu kabla jibu halijafika. Mwalimu mstaafu alisema wazungu hawawezi kukubali chumvi badala ya swali lililopigwa chapa. Siku ya tano Landrova iliingia uwanjani na profesa akashuka na karatasi mkononi, ananyoosha miguu yake mirefu kuruka madimbwi. Wamekubali. Zaidi ya hapo, wale wa nchi nyingine walikuwa na tatizo hilohilo na walikuwa wanaona haya kulisema. Wao wangeuliza mafuta ya taa.

"Na kwenu ungeuliza nini, Profesa?" mpishi wetu alimuuliza.

Alifikiri kwa makini. "Kahawa," alisema. "Bila kahawa, kwetu hakuna mtu anaamka."

Baada ya hapo kazi ilikuwa raha tupu. Nilitoka alfajiri, nikarudi na madodoso yaliyojaa hadi pembezoni. Nilikutana na mwanamke anayekodisha masufuria ya harusi, na mzee anayetengeneza baiskeli kwa vipuri vya baiskeli zilizokufa. Tulipohamia Mazingara, niliingia boma la wafugaji, na mama mmoja wa Kimasai, ambaye Kiswahili chake alikuwa amekipata mnadani, alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Chumvi ya watu au ya ng'ombe?"

Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Nikamwambia zote mbili. Akanieleza kwamba ile ya ng'ombe ananunua mume, kwa hela ya dume akiuza. Lakini ya watu, na sukari, na majani ya chai, ni yake, kwa maziwa anayouza asubuhi kwa wapika chai wa barabarani. Alikuwa na vibuyu vya aina mbili, na mtu akitaka mtindi hulipa zaidi. Nilichora mstari mpya kwenye dodoso, na jioni mhadhiri alipouona akauongeza kwenye madodoso ya wote.

Nilipofika Mkumbara na timu, niliomba mwenzangu ndiye amhoji mama, kwa sababu isingefaa nimhoji mwenyewe. Nilikaa mbali kidogo, barazani kwa jirani. Alihojiwa saa nzima. Mabasi matatu yalipita hakuinuka. Nilipomuuliza walizungumza nini, alisema, "Mambo ya kikazi."

Mwaka uliofuata, baada ya masika, walirudi na matokeo. Ilikuwa sharti la mhadhiri tangu mwanzo kwamba watu waliohojiwa wasomewe kilichoandikwa. Pale Kang'ata wanawake walijaa darasani mpaka nje, na mimi ndiye niliyetafsiri kwa Kizigua. Mjane wa mikeka alisimama mapema.

"Mlituuliza siku nyingi. Tumeshukuru. Sasa mmeleta nini?"

Profesa alijibu bila kuremba. Hakuwa na fedha za kugawa. Vyuo vile viwili vilikuwa vimekubaliana kuleta wanafunzi, wa hapa na wa kwao, wakae miezi mitatu mitatu, wapande mikindu mtoni pamoja na wanawake na wawatafutie wanunuzi wa Tanga. Mjane alitazama wenzake. "Waje," alisema, "lakini nitawafundisha mimi kupanda." Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa kwanza mbuzi walikula nusu ya machipukizi. Mwaka wa pili waliweka uzio wa miiba, na mikindu ikashika.

Siku ya mkutano ule, wakati tunakusanya viti, mhadhiri aliniambia nifanye mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule wa watu wazima waliokwisha kufanya kazi. Nilimwambia mimi ni wa kidato cha nne tu. Alisema anajua, ndiyo maana ameniletea vitabu, na akafungua buti ya gari. Vilijaa katoni mbili.

Nilivisoma mwaka mzima, mchana nikimshikia mama beseni. Nilifanya mtihani, nikarudi nyumbani, nikajizuia kwenda posta kila siku.

Barua ilipokuja niliifungua palepale nje ya mlango wa posta ya Korogwe. Niliisoma mara mbili: nimechaguliwa kuingia chuo kikuu. Nikaikunja, nikaanza kutembea. Nilipita maduka, nikapita watu waliokuwa wananisalimia na nikawaitikia, nikapita nyumba ya mwisho ya mji. Nilipokuja kujishtukia nilikuwa darajani, Mto Pangani unapita chini yangu umejaa maji ya kahawia, na kituo cha mabasi ya kwetu kiko nyuma yangu kabisa, upande wa pili wa mji. Sikugeuka mara moja. Niliikunjua barua nikaisoma mara ya tatu, nikiishika kwa mikono miwili kwa sababu ya upepo.